Pyramiden, Mji Usio na Wenyewe

Wengi wetu tulipokuwa skuli tulifundishwa kwamba dunia ina ncha mbili, ya kaskazini na ya kusini, kisha tukaziacha ncha hizo hukohuko kwenye madaftari. Hatukudhani kamwe kwamba kuna watu waliowahi kutandika vitanda, kulea watoto na kuanika nguo kiasi cha kilomita 1,260 tu kutoka Ncha ya Kaskazini. Lakini walikuwapo. Mji wao unaitwa Pyramiden, na jina hilo ulipewa kwa ajili ya mlima uliousimamia kichwani, mlima wenye matabaka kama ngazi na kilele kilichochongoka mithili ya mapiramidi ya Misri. Ndani ya mlima huo mlikuwa na makaa ya mawe, na chini yake waliishi watu kwa mamia, hata miaka ya 1980 wakapindukia elfu moja. Leo wanaokaa hapo wakati wa baridi huhesabika kwa vidole.

Nilifika huko mwanzoni mwa Machi 2019, pamoja na mdogo wangu wa kike na mumewe, ambao makao yao ni Oslo. Kutoka Oslo ndege huruka kwa kiasi cha saa tatu kuelekea kaskazini hadi Longyearbyen, mji mkubwa wa visiwa vya Svalbard, wenye watu wapatao 2,400. Visiwa hivyo viko chini ya Norwe kwa mkataba uliotiwa saini Paris mwaka 1920, na mkataba huo una ajabu yake: raia wa nchi zote zilizoukubali wana haki sawa ya kuchimba, kuvua na kufanya biashara huko. Ndiyo sababu Warusi wakawa na miji yao kamili katika ardhi ya Norwe. Visiwani kwenyewe mgeni haulizwi viza, lakini kwa kuwa ndege hupitia Norwe, Mkenya anayenuia kwenda na ahakikishe viza yake yaruhusu kuingia mara mbili, asije akakwama wakati wa kurudi.

Huko hakuna miti. Sisemi kwamba miti ni michache. Upo mmea wa jamii ya miti unaotambaa ardhini, na kimo chake hakipiti urefu wa kidole. Paka nao wamepigwa marufuku Longyearbyen ili wasimalize ndege, jambo ambalo mtu wa Lamu akisikia atadhani anafanyiwa mzaha. Na anayetoka nje ya mji hana budi kuwa na silaha ya kujilinda na dubu weupe, au afuatane na mwenye nayo. Kiongozi wetu wa safari, binti wa Kinorwe ambaye kwa umri angeweza kuwa mwanangu, alikuwa na bunduki begani tangu asubuhi hadi tuliporudi, naye aliichukua kwa wepesi ule ule ambao sisi twachukua mkoba.

Njia ya Pyramiden wakati wa baridi ni pikipiki za theluji. Barabara hakuna, na wakati huo meli haifiki. Kabla ya kuondoka tulivishwa suti nzito, viatu vya manyoya ndani, glavu mbili mbili, na vitambaa vya sufi vya kufunika uso, kwani siku ile ilikuwa nyuzi 22 chini ya sifuri, na juu yake ukiongeza upepo wa mwendo. Tulipokwisha kuvaa, wanaume kwa wanawake, Waislamu na wasiokuwa Waislamu, kilichoonekana kwa kila mmoja ni macho tu. Shemeji yangu akasema leo Wazungu wote wamevaa nikabu, na hakuna aliyelalamika.

Tulikwenda saa nne, kupitia mabonde meupe ambamo mara kwa mara tuliona kulungu wa huko, wafupi wa miguu na wanene kama mito ya kulalia, wakikwangua theluji kwa kwato watafute majani. Kisha tukavuka sehemu ya Billefjorden, ambalo ni hori refu la bahari, na bahari yenyewe ilikuwa imeganda. Mimi nimezaliwa nikisikia mawimbi. Katika maisha yangu sikuwahi kusimama juu ya bahari nikaikuta kimya. Kiongozi alizima injini ili tupumzike kidogo, na ukimya ule ulinitisha kuliko habari zote za dubu.

Mji waonekana kutoka mbali, na kwa mbali hauonyeshi kwamba umeachwa. Majumba ya matofali ya ghorofa nne yamesimama wima kwa safu, madirisha mengi yangali na vioo. Baridi na ukavu vimeyahifadhi. Nyumba ikiachwa kwetu Pwani, mwaka wa kwanza chumvi hula mabati, wa pili mvua hushuka ndani, na wa tano mwarubaini huota sebuleni. Kule miaka zaidi ya ishirini imepita, na rangi bado iko ukutani. Ubao wa ngazi unalia chini ya mguu, lakini haukuoza.

Penye kuingilia mji pana mnara mrefu wenye jina la mji, na chini yake gari dogo la reli la kubebea makaa, kumbukumbu ya tani ya mwisho iliyotolewa mlimani tarehe 31 Machi 1998. Ukiinua macho kutoka hapo waona njia iliyofunikwa kwa mbao ikipanda ubavuni mwa mlima moja kwa moja hadi kwenye mdomo wa mgodi, juu sana. Wachimbaji walipanda humo kwenda kazini, na makaa yakateremshwa bandarini.

Huko Pyramiden alitupokea mlinzi mmoja, kijana Mrusi mwenye funguo nyingi kiunoni, naye akatuzungusha. Uwanja wa katikati una sanamu ya kichwa cha Lenin, ambayo yasemekana ndiyo ya kaskazini kuliko zote duniani, ikiutazama mji wake mtupu na, ng'ambo ya hori, barafuto kubwa ya Nordenskiöld. Mbele yake, chini ya theluji, pamelala bustani ya majani. Udongo wake uliletwa kwa meli kutoka bara, maana pale hapakuwa na udongo wa kuotesha kitu. Walikuwa pia na banda la kioo la kupandia mboga, walikuwa na ng'ombe wa maziwa, kuku na nguruwe. Chakula kililiwa katika bwalo kubwa, bure, nalo ukutani lina picha ya vijiwe vya rangi inayoonyesha dubu na milima ya theluji. Nilizunguka jikoni. Masufuria yaliyobaki yana kimo cha mtoto wa miaka mitano, na majiko yamepangwa kama kwenye harusi zetu kubwa. Nilijiuliza ni kina mama wangapi walisimama hapo alfajiri isiyokuwa na alfajiri, maana kuanzia mwishoni mwa Oktoba hadi katikati ya Februari jua halichomozi kabisa.

Jumba la utamaduni ndilo linalotembelewa zaidi. Ndani mna ukumbi wa sinema, maktaba, chumba cha michezo na piano ambayo nayo husifiwa kuwa ya kaskazini kuliko zote. Katika chumba kimoja filamu za zamani zimemwagika sakafuni kama utumbo. Bwawa la kuogelea lililokuwa likipashwa moto liko jengo jingine, sasa ni shimo kavu lenye vigae vya buluu. Usidhani, msomaji, kwamba watu hawa waliishi maisha ya dhiki. Katika Muungano wa Kisovieti kupangiwa kazi Pyramiden ilikuwa bahati: mshahara mkubwa kuliko wa nyumbani, chakula cha bure, hospitali, skuli, chekechea. Wengi wao walitoka Donbas, upande wa mashariki wa Ukraine, ambako kuchimba makaa ni kazi ya baba hadi mwana. Walikuja kwa mkataba wa miaka kadhaa, wakaweka akiba, wakarudi kwao kununua nyumba.

Mabweni yalikuwa na majina ya utani. La wanaume wasiooa liliitwa London. La wanawake wasioolewa liliitwa Paris. Na lile la wenye familia lilipewa jina la Nyumba ya Wendawazimu, kwa sababu nje palikuwa na baridi na giza, kwa hivyo watoto walichezea ukumbini, wakikimbia na kupiga kelele mchana na usiku. Kwa jina hilo peke yake nilijua kwamba hapa kweli waliishi watu.

Jengo hilo la familia hatukuingia. Kwenye viambaza vya madirisha yake mlikuwa na viota, kimoja juu ya kila dirisha na pengine viwili, vimetengenezwa kwa nyasi kavu na matope. Mlinzi alieleza kuwa ni vya aina fulani ya shakwe, wajao kila mwaka theluji ikipungua, wakayageuza madirisha kuwa majabali yao. Kwa hivyo hata sasa kiangazi kikifika jengo lile hujaa kelele za watoto, ila ni watoto wa ndege. Mlango wa chini ulikuwa na kufuli, na kufuli limeshika barafu.

Mdogo wangu alisimama mbele ya kufuli lile kwa muda. Kisha akaniuliza, "Dada, funguo za nyumba ya Mama ziko kwa nani?"

"Ziko kwa Mjomba," nikamjibu.

"Na nani anafungua madirisha?"

Sikuwa na jibu la kumpa, kwa sababu hakuna afunguaye. Marehemu mama yetu, Mwenyezi Mungu amrehemu, alituachia nyumba ya ghorofa mbili katika Mji wa Kale wa Mombasa, yenye mlango wa nakshi na baraza la mawe. Sisi ni ndugu wanne: mmoja Oslo, mmoja Muscat, mmoja Nairobi, na mimi ambaye nimejenga Likoni. Mnunuzi alikwishatokea, mwenye pesa taslimu, naye alitaka kuifanya ghala la bidhaa. Kila mtu ana fungu lake la mirathi, na fungu ni haki, hakuna wa kumlaumu mwenye kutaka chake. Mdogo wangu ndiye aliyekuwa akihimiza zaidi tuuze, kwa hoja nzuri tu: nyumba haikaliwi, kodi ya ardhi yalipwa, na dari lavuja. Pale mbele ya Nyumba ya Wendawazimu hakuzungumza zaidi. Lakini usiku ule tuliporejea Longyearbyen aliandika katika kundi letu la familia kwamba fungu lake haliuzi kwa sasa. Ndugu yetu wa Muscat hakufurahi, na maneno hayo hadi leo hayajakwisha.

Adhuhuri ilitukuta huko. Mwanzoni mwa Machi pana mchana na usiku wa kawaida, ingawa mchana ni mfupi na kila siku huongezeka kwa kiasi cha dakika ishirini, hivi kwamba nyakati za swala za jana si za leo. Ila kwa wakaao Svalbard mwaka mzima mambo ni mazito zaidi. Kuna karibu miezi minne ambayo jua halichomozi, na mingine minne ambayo halizami. Maulamaa wamelizungumza jambo hili kwa kuirejea hadithi ya Dajjal iliyopokewa na Imam Muslim, ambamo Masahaba waliuliza kuhusu siku moja itakayokuwa kama mwaka, je, itatosha swala za siku moja? Wakajibiwa kuwa haitoshi, bali waikadirie. Kutokana na hapo wengi wamefutu kwamba wakaao mahali kama hapa hukadiria nyakati zao, wengine wakifuata mji ulio karibu wenye mchana na usiku, wengine wakifuata Makka. Hayo ni ya kuwauliza mashekhe.

Sisi tulikuwa wasafiri, tukapangusa juu ya khofu, tukakusanya na kupunguza, shemeji yangu akatuswalisha katika pembe ya ukumbi wa hoteli ndogo iliyofunguliwa tena huko mwaka 2013. Jambo moja lilinigusa moyo. Mombasa na Makka ziko karibu katika mstari mmoja wa urefu wa dunia, ndiyo maana nyumbani sisi huelekea kaskazini takriban moja kwa moja tunaposwali. Tangu utotoni kibla kwangu ni kaskazini. Pale Pyramiden nilisimama nikaelekea kusini, na mashariki kidogo. Ile kaskazini niliyoielekea maisha yangu yote nilikuwa nimeshaipita, na Makka ilikuwa nyuma ya njia niliyojia.

Baada ya swala tuliletewa supu, na tulipouliza ina nyama gani tukaona heri tule mkate, samaki na chai. Chai yao ni nyeusi, kali, nayo yanyweka.

Mji huu ulikufaje? Waswidi ndio waliotangulia kulidai eneo hili mwaka 1910, kisha mwaka 1927 likauzwa kwa Wasovieti. Baada ya Vita Vikuu vya Pili ndipo uchimbaji ulipokomaa. Lakini matabaka ya makaa ndani ya mlima ule yamekatikakatika, na kuyafuata ni kazi ya gharama. Hata hivyo dola la Kisovieti lilikuwa na sababu zake za kutaka kukaa mahali pale, ambapo ni milango ya bahari ya kaskazini, na nadhani makaa yalikuwa kisingizio kizuri. Mwaka 1991 dola hilo likavunjika, na ruzuku zikaanza kupungua. Mchimbaji hawezi kula jina la kuwa wa kaskazini kuliko wote.

Kisha ikaja siku ya 29 Agosti 1996. Ndege iliyotoka Moscow, imebeba wachimbaji wa Barentsburg na Pyramiden pamoja na jamaa zao, iligonga mlima Operafjellet ikijiandaa kutua Longyearbyen. Watu wote 141 waliokuwamo walifariki. Kwa miji ya ukubwa ule, ambamo kila mtu alikula katika bwalo moja na kuogelea katika bwawa moja, hapana mlango ambao haukupigwa hodi na msiba. Kiongozi wetu alituonyesha upande ulipo mlima huo tulipokuwa njiani, kisha akaendelea na safari bila ya kusema neno.

Mwaka na nusu baadaye mgodi ukafungwa. Vuli ya 1998 watu wakaondoka kwa meli, wakichukua walichoweza kubeba. Inasimuliwa kama kwamba walikimbia ghafla, vikombe mezani na maua dirishani, lakini si kweli kabisa. Walijua tangu miezi kabla. Waliacha vitu kwa sababu kuvisafirisha kungegharimu kuliko thamani yake. Wengi walirudi Donbas, kwenye zile nyumba walizonunua kwa akiba ya Pyramiden. Mwaka 2014 vita vikaingia Donbas, na tangu 2022 vimekuwa vikubwa zaidi. Kwa hivyo wako wazee leo waliohamishwa mara mbili, na mji wao wa kwanza, ule ulio karibu na ncha ya dunia, ndio ambao kuta zake bado zimesimama.

Longyearbyen nayo iliota juu ya makaa. Mwaka 2023 kituo chake cha umeme kiliacha kuchoma makaa, na mwezi wa Juni 2025 mgodi wa mwisho wa Wanorwe visiwani ukafungwa. Wenyeji wana chuo, wana watalii, hawatahama kesho. Lakini mama mmoja wa dukani, tuliyemnunulia soksi, alituambia kwamba huko hakuna kiinua mgongo cha kukufanya uzeekee hapo, na kwamba asiyeweza kujikimu hutakiwa kurudi alikotoka. Kila mmoja, akasema, anaishi akiwa na begi chini ya kitanda.

Tuliondoka Pyramiden jua likiwa limeshuka nyuma ya mlima, theluji imegeuka rangi ya zambarau. Mlinzi alitusindikiza hadi kwenye gari lile la makaa, akatupungia mkono, akarudi kwa miguu akiwa na bunduki yake. Tulipofika kwenye hori nilimwomba binti yule asimame kidogo nitazame nyuma. Majumba yote yalikuwa meusi sasa. Nilihesabu taa, nikapata tatu.